Mtihani Tulioufanyia Stesheni

Bel-Air, Kampemba,
Lubumbashi, Zaire.
Tarehe 22 Agosti 1993

Kwa yaya wangu mpendwa Djamila,

Asalaam aleikum, wewe na wote mnaolala nyumba moja hapo Ujiji. Habari za siku nyingi? Mgongo unasemaje? Na sukari je, bado unafunga kula siku mbili kabla ya kwenda kupimwa ili umdanganye daktari, au umeanza kuwa mtu mzima? Ninakujua wewe. Shemeji Ramadhani naye, nasikia amepasuliwa jicho moja na la pili linangoja zamu. Mwambie asiinue ndoo na asiiname kutafuta viatu chini ya kitanda, viatu atatafutiwa. Na sala asali amekaa kitini mpaka daktari amruhusu. Mungu hatamgombeza kwa hilo, mimi ndiye nitakayemgombeza.

Kwangu, mwili ni mzima, alhamdulilahi. Nimekonda kidogo, lakini hapa sasa mtu mnene ndiye anayeshangaza. Tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu chenu cha huko, na mwanao Yassine alipofika na samaki wakavu wa Pweto nyumba yote ilinuka ziwa, nikafurahi kama mtoto. Majirani watatu walikuja kunisalimia siku hiyohiyo, watu ambao hawajanisalimia tangu mwaka jana! Niliwagawia.

Sasa nisikilize. Najua ulikwenda kumpokea Yassine bandarini, ukatazama nyuma yake, hukuniona. Usimgombeze. Mwanao alinibembeleza tangu alipofika. Aliniwekea nafasi mbele ya lori, karibu na dereva, akapandisha godoro langu juu ya magunia akalifunga kwa kamba mbili. Nililifungua mwenyewe. Alishuka tu akaenda kukagua matairi ambayo alikuwa amekwisha kuyakagua. Kwa hiyo kama una hasira, nitumie mimi, zitanifikia.

Katika barua yako umeniuliza, "Shule gani hiyo unayoing'ang'ania, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba imekufa?" Halafu chini ukaongeza kwamba labda ni kiburi cha uprofesa. Haya, kiburi ninacho, sikatai, nilikirithi kwa baba pamoja na wewe. Lakini si hicho kinachonizuia.

Hata Yassine aliniuliza. Alikuwa amekaa jikoni, akaniambia, "Mama mudogo, kumbe hata ba-infirmière beko na profesa? Wa nini? Wa kupima homa?" Nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini. Nikamwambia wauguzi nao wana profesa, na kupima homa hata mama yake anaweza, kwa kiganja cha mkono. Lakini usiku niliona kwamba hata wewe, yaya, sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Uliniona nikiondoka na mavazi meupe na kurudi na mavazi meupe, basi.

Unakumbuka baba alivyonishonea yale ya kwanza kwenye cherehani yake pale Kamalondo, akilalamika kwamba kitambaa cheupe ni cha maiti. Kwa masista tulifundishwa kubeba, kufua, kuchemsha na kunyamaza. Sindano ilikuwa ya Wazungu. Mwaka wa sitini wakaondoka karibu wote kwa mara moja, tukaamka asubuhi wodi nzima ni yetu, wasichana ambao hawajawahi kuruhusiwa kumchoma mtu. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa kuchungulia. Nikawafundisha wenzangu kwa kuchomea machungwa, halafu mikono yetu wenyewe. Huko ndiko nilikoanza ualimu, hakuna aliyeniteua. Kinshasa na Ubelgiji vilikuja baadaye, wewe ukizaa watoto na mimi nikizaa vyeti, kama alivyokuwa akinitania marehemu mume wangu.

Nilirudi nikiwa na diploma kubwa, na kila mtu alingoja niwafundishe mambo ya Ulaya. Mimi nikawafundisha kubisha hodi.

Sababu unaijua. Mama alipolazwa mara ya mwisho, yule muuguzi alikuja akamfunua kanga mbele ya wajukuu bila kusema hata neno. Alimfunga kidonda vizuri sana, na mama akageukia ukuta, hakusema na mtu tena mpaka kesho yake. Jambo lile halikunitoka. Nilipopata shule mkononi nikaweka sheria: kitanda ni nyumba ya mgonjwa. Unasimama miguuni pake, unabisha hodi, unataja jina lako na unachokuja kufanya, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kujionyesha. Unangoja akukaribishe. Kama hawezi kusema, unawaomba ndugu zake. Kama amezimia, unabisha hivyohivyo. Na kwenye mtihani wa mwisho, mwanafunzi asiyebisha hodi ameanguka, hata kama mikono yake ni ya dhahabu.

Walinicheka we! Madaktari waliniita Madame Hodi, na mmoja alikuwa akigonga meza yangu kila asubuhi kabla ya kunipa mkono. Sikujali. Wanafunzi wangu walikwenda kufundisha Kongolo, Kasenga, Pweto, kila mmoja akaibeba hodi yake. Ukiniuliza nimefanya nini maisha yangu yote, yaya, nimefanya hilo. Mengine yote yamo vitabuni, mtu mwingine angeweza kuyasema.

Niliweka na sheria ya pili: hakuna anayepita kwa neno la mwalimu mmoja. Lazima wawe wawili kando ya mgonjwa, na wote wawili wakubali. Mwalimu peke yake ana wapenzi wake, mimi pia ninao.

Mwenzangu katika mitihani alikuwa Agnès. Nimekuandikia habari zake mara nyingi. Alikuwa mwanafunzi wangu, kisha msaidizi, kisha mwalimu kunipita mimi, ingawa sikumwambia. Saa sita tulikula pamoja ofisini kwangu, karanga au mihogo, kila siku ya kazi, na tukibishana mpaka wanafunzi wanapita dirishani kusikiliza. Amezaliwa hapahapa Lubumbashi, mtaa unaoitwa Kenya. Wazazi wake ndio waliotoka Kasai, zamani, kwa kazi ya reli.

Mengine unayasikia redioni. Ulikuja uporaji wa mwaka wa tisini na moja, wakabeba hata magodoro ya wagonjwa. Mishahara tumeisahau. Mkurugenzi wetu alikwenda Kinshasa kutudaia, hakurudi, na simlaumu. Walimu wakatoka mmoja mmoja, huyu Zambia, huyu kwao shambani. Halafu likaja hili la kuwafukuza watu wa Kasai, la kuwaita binadamu wadudu barabarani mchana kweupe. Watu niliokuwa ninawajua, yaya! Watu waliokuja kwangu kuomba dawa ya mtoto!

Nyumba ya Agnès ilipigwa mawe jioni moja, na asubuhi wakamwambia aache funguo mlangoni. Akaenda na mama yake stesheni kungoja treni pamoja na wengine wengi. Nilimfuata, nikamwambia njoo kwangu Bel-Air, vyumba viko vitupu. Akakataa. Alisema wakimtafuta watanipata na mimi, na mama yake amechoka, anataka kwenda mahali ambapo hakuna atakayemwuliza ametoka wapi. Nikawa ninampelekea chakula. Treni ilikuwa inasemwa kila juma, haiji.

Shuleni walikuwa wamebaki wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho, na mimi. Walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa mtihani wa kitandani. Wodi zilikuwa na wagonjwa wachache, kwa sababu watu waliogopa kutoka. Na mtahini wa pili hakuwapo. Walinitazama kila asubuhi bila kuuliza, na mimi nikaandika ubaoni somo lingine la kurudia.

Basi siku moja niliwaambia chukueni sanduku la vifaa, vaeni nguo safi, twende. Tukaenda kwa miguu mpaka stesheni. Wagonjwa walikuwa huko, wengi kuliko lopitali, na mtahini wa pili alikuwa huko, amekaa juu ya sanduku lake akimsuka mama yake nywele. Nikamwambia, "Agnès, una kazi leo." Alinitazama, akawatazama wale watano na mavazi yao meupe, akafunga kitambaa kichwani vizuri, akasimama.

Sijui nikueleze vipi mahali pale. Familia mia na mia, na kila familia imejitengenezea chumba. Ukuta huu ni masanduku, ule ni sufuria zimepangwa, mlango ni shuka imetundikwa kwenye kamba. Wanafagia mbele yake asubuhi. Ukipita unaona hata viatu vimewekwa nje.

Wanne wa kwanza walifanya vizuri. Mmoja, kijana mrefu anaitwa Merdi, alisimama mbele ya ukuta wa masanduku, hajui agonge wapi, mwishowe akagonga sufuria. Mzee aliyekuwa ndani akacheka, akaita, "Karibu, baba, ila usiniamshie bukari!" Watu wa pale wakacheka wote. Agnès naye alicheka, na sikuwa nimeuona uso wake hivyo tangu zamani.

Wa mwisho alikuwa Jemima. Huyu, nakwambia ukweli, ndiye mpenzi wangu. Msichana wa Kasomeno, baba yake anauza unga huko. Ana vidole ambavyo mwalimu anaviona mara moja au mbili katika maisha yake. Tulimpa bibi mmoja mwenye kidonda kibaya mguuni. Jemima akaenda moja kwa moja, akainua shuka, akaruka sufuria, akapiga magoti, akaufungua mguu. Alisafisha, akafunga, bibi hakushtuka hata mara moja kwa maumivu. Kazi ile ningeipiga picha. Lakini bibi alikuwa amegeuza uso, anatazama reli.

Mimi nilikuwa nimeliona kosa tangu alipoinua shuka. Nikamwomba Mungu Agnès awe ametazama pengine.

Agnès akamwambia, "Imeisha, mama. Umeanguka."

Jemima akabaki na bandeji mkononi. "Madame, nilikosea fasi gani?"

"Haukubisha hodi."

"Mais Madame," akasema, na nakuapia hakusema kwa ubaya, alisema kama mtoto anayeeleza kitu kinachoonekana, "hapa hakuna nyumba."

Mama yake Agnès alikuwa nyuma ya shuka ya pili.

Nilimvuta Agnès pembeni, kwenye behewa bovu. Nikamwomba, yaya. Mimi, Madame Hodi, nilimwomba. Nilimwambia Jemima ni mzuri kuliko wote wanne, kwamba shule inafungwa, kwamba treni ikija hakuna wa kumtahini tena, kwamba tumsamehe hili moja kwa ajili ya dunia ilivyo. Agnès alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza ofisini. Halafu akasema polepole, "Madame, balitufukuza mu manyumba yetu bila hodi. Na ule anakuya kutuponyesha, naye aingie bila hodi?"

Tukarudi, nikatangaza wanne wamepita na mmoja ameanguka, na wale bibi wa stesheni wakawapigia wanne vigelegele. Jemima alisaidia kukusanya vifaa. Alihesabu makasi yote, hakusahau hata moja.

Treni ilikuja siku ya tatu yake, mabehewa ya mizigo. Nilipata habari nikakimbia, na miguu hii. Agnès alikuwa amekwisha kumpandisha mama yake. Tulishikana mikono kwa juu, yeye ndani na mimi chini, na tulichozungumza ni kwamba mama yake asikae karibu na mlango, kwamba maji ayachemshe, upuuzi wa aina hiyo. Watu waliofundisha pamoja miaka yote, wanaagana kwa mambo ya maji. Halafu treni ikaondoka. Sijapata habari zake mpaka leo. Wanasema safari ni ndefu na watu wengi wanakufa njiani. Ninajaribu kutoisikiliza habari hiyo, na ninaisikiliza.

Nitakuambia wazi kwa sababu ni wewe. Upweke umenishika, yaya. Mchana ninajikaza, lakini saa sita ikifika ninakaa ofisini na karanga zangu, ninakuta nimezigawa mara mbili mezani. Siku moja nilianza kubishana naye kwa sauti. Jioni Bel-Air inakuwa kimya mapema, watu wanafunga milango, na mimi ninazunguka vyumba ninawasha taa kama umeme upo, nikiona kama kuna mtu atatoka jikoni. Yassine alipokuwa hapa nililala usingizi mzima kwa sababu alikuwa anakoroma. Mwambie hivyo, atacheka.

Nilitamani sana kupanda lile lori. Usidhani sikutamani. Siku ile godoro langu lilipokuwa juu, nilikaa barazani nikalitazama, nikajiona nimefika Ujiji, wewe unanifokea nimekonda, tunakaa mkekani tunasema maneno ya baba. Nililia kidogo.

Lakini asubuhi iliyofuata baada ya treni kuondoka, Jemima alikuwa amekwenda stesheni. Alikwenda kumtafuta yule bibi wa kidonda, amwombe msamaha. Hakukuta mtu. Aliniambia walikuwa wamepafagia kabla ya kupanda, mahali pa kila familia pamefagiwa. Basi akatoka huko akaja shuleni, mavazi yake yamepigwa pasi, akakaa darasani peke yake kwenye kiti chake cha siku zote, mstari wa tatu, viti vyote vingine vitupu. Nilipopita nikamwona, nikamwuliza unangoja nini. Akasimama, akaniambia, "Nangoja somo, Madame."

Baba yake alikwisha kutuma mtu kumchukua arudi Kasomeno. Amekataa. Anasema harudi bila kumaliza.

Wale wanne niliwapa diploma zao na wamekwenda kazini. Jemima ningeweza kumwandikia hata leo, nani angejua? Ofisi ya juu yangu haina mtu, ya juu yake pia. Yassine aliniambia hivyohivyo: "Mama mudogo, mupe karatasi yake, tuende." Nilikaa na wazo hilo. Halafu nikamwona Agnès amesimama pale kando ya behewa, na nikajua nikifanya hivyo nitakuwa nimemfukuza na mimi.

Kwa hiyo anahitaji mtahini wa pili, na karibu nasi hakuna. Nimemkumbuka Simone, mwanafunzi wangu wa zamani aliye lopitali ya Pweto. Nilimpa Yassine ujumbe ampitishie akishuka na lori: aje barabara itakaporuhusu, nitamlisha na kumlaza. Labda atakuja baada ya mvua. Labda hatakuja, ana watoto na barabara ni mbaya. Sitajua mpaka nimwone mlangoni.

Na baada ya hapo? Usiniulize, yaya. Mimi mwenyewe sijiulizi.

Nisalimie shemeji Ramadhani, na macho yake yote mawili. Msalimie Mariamu na mumewe, na yule mtoto wao mdogo ambaye Yassine anasema amepewa jina langu. Mwambieni jina hili ni la mtu mkaidi, ajiangalie. Nisalimie Bi Tatu wa jirani, na wazee wa msikitini waniombee. Mwambie Yassine safari ijayo nafasi yangu ya mbele ampe mtu mwenye mtoto mgongoni.

Mwenyezi Mungu akulinde, akufungulie heri, akupe umri mpaka tukutane tukiwa bado tunaweza kugombana vizuri. Niandikie mara nyingi, hata kama huna habari, niandikie bei ya mchele.

Ninaacha kalamu hapa, kwa sababu ni lazima nijiandae. Shule ina mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na kesho saa mbili tuna somo.

Mdogo wako anayekupenda asiyekusikiliza,

Feza